Mama yake Mjapani anakuja kula kwetu Mji wa Kale. Mamangu amwite nani?

MwanaKibokoni ameuliza:

Asalaam alaykum wanajamvi, na wengine wote hamjambo.

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini. Kuna bwana mmoja wa Kijapani anakaa Nyali, tumefanya naye shughuli hizi mpaka amekuwa kama wa ndani. Ramadhani hafungi, lakini futari yetu haimpiti. Sasa mamake anakuja kumtembelea, na mamangu aliposikia tu, mwaliko ukatoka hapo hapo: Jumapili mchana, nyumbani. Pilau, samaki wa kupaka, na kachumbari moja itengwe isitiwe pilipili.

Taabu ni kwamba mamangu hawezi kumwita mgeni "yule mama" ndani ya nyumba yake. Ataka neno la heshima, la kwao, na ataka alijue kabla mgeni hajavuka kizingiti. Nikamwambia hilo dogo, nitamsikiliza yule bwana asemavyo. Basi nimemsikiliza. Akipiga simu kwao, akizungumza na mamake mwenyewe, nasikia "kaasan, kaasan". Jana alikuwa na bosi wake wa Yokohama kwenye simu, habari ni hiyo hiyo ya safari ya mama, na neno likawa "haha". Haha nini, na uso wake mkavu kama papa wa ng'onda?

Nyumbani nako nina mpwa wangu, yuko gredi ya nane, na katuni za Kijapani ndizo madrasa yake siku hizi. Kumwuliza, akaniambia neno sahihi ni "hahaue", kisha akapiga goti mbele ya mamake, kichwa chini, mkono kifuani, aombe hela za bando. Dadangu akamwambia, inuka hapo kabla sijakuhahaua mimi.

Kwa hivyo maneno ni matatu na mgeni ni mmoja. Mamangu ashike lipi? Na mnieleze jambo moja zaidi: mtu na mama yake mzazi, kwa nini ambadilishe jina kila akibadilisha simu?

Bi_Tende amejibu:

Waalaykum salaam. Mwambie mama aseme *okaasan*. Hiyo "kaa" aivute kidogo, o-kaa-san, asiikate. Ukiwa na haraka ya kwenda Marikiti kutafuta nazi, jibu lako ni hilo na unaweza kuishia hapo.

Kama una nafasi, kaa. Nilisoma Osaka, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, na somo la kwanza alilonipa halikuwa la vitabuni. Nilimwambia, kwa Kijapani changu cha kuunga unga, "okaasan wangu anakusalimu". Akaipokea salamu vizuri sana, akainama, kisha akanirekebisha: ukinitajia mama yako mimi mtu wa nje, sema *haha*.

Yaani hivi. Ukimzungumzia mama yako kwa mtu asiye wa nyumbani kwenu, unasema haha. Ukimwita mwenyewe, unasema okaasan, au kaasan kwa mkato, ndiyo hiyo uliyoisikia kwenye simu. Ukimtaja mama wa mwenzio, pia okaasan, na ukitaka kumpandisha zaidi, *okaasama*. Kwa hiyo yule bwana wako hajambadilisha jina mamake. Aliyebadilika ni msikilizaji. Bosi wa Yokohama ni mtu wa nje, na mbele ya mtu wa nje cha kwako hukipambi. Wewe ukialika watu si husema "karibuni kibandani", na nyumba ni ghorofa mbili na baraza ya mbao za kuchonga? Basi haha ni mama wa kibandani. Hadharauliwi hata kidogo. Anayejishusha ni msemaji, na mama anashuka pamoja naye kwa kuwa ni wa upande wake.

Ofisini wanafika mbali zaidi. Meneja ambaye asubuhi kutwa ni "san", simu ikilia kutoka kampuni nyingine anatajwa kwa jina kavu la ukoo, bila san, na kijana aliyeajiriwa juzi. Ukimweka san mbele ya mteja, umemsifu wa kwenu mbele ya wageni, na hiyo kwao ni aibu.

Mtoto mdogo hasumbuliwi na haya. Yeye anasema okaasan au mama, kwa kila mtu, mpaka akue. Lakini siku ya kwenda kuhojiwa kazi, kijana akisema "okaasan wangu" mbele ya waajiri, wanamwona bado hajatoka mgongoni.

Kuhusu mpwa wako sina la kusema, wapo wataalamu wake humu.

OtakuWaLikoni amejibu:

Mtaalamu nimefika 😂

Kaka, huyo mpwa hajakosea neno, amekosea karne. *Hahaue* ni ya nyumba za samurai. Ukitazama Demon Slayer, Rengoku anamwita mamake hivyo, na inamkaa kwa sababu ukoo wao ni wa mapanga kizazi baada ya kizazi na hadithi yenyewe ni ya zamani kidogo. Tanjiro, ambaye kwao ni wachoma makaa mlimani, anasema *kaasan* tu. Hao wawili wako katuni moja, wanapanda gari moshi moja, na neno la mama peke yake linakwambia nani amelelewa wapi. Huku kwenye tafsiri za Kiingereza zote zinakuwa neno moja, hiyo ladha inapotea. Ndiyo maana mimi sitazami zilizotiwa sauti za Kiingereza. Mtu akinibishia tukutane feri.

Naruto naye alilelewa bila mama, akija kukutana naye anasema *kaachan*. Hiyo "chan" ni ya kudekeza, ya mtoto wa mtaani mwenye mdomo. Shin-chan ana miaka mitano, naye ni kaachan, na akizidi utukutu anamwita mamake kwa jina lake kabisa, Misae, kisha anakula konzi.

Halafu kuna *ofukuro*, hiyo ni ya wanaume wazima wakiongea wao kwa wao, kama sisi tunavyosema "mathee" ama "bi mkubwa" kijiweni. Mwanamke hasemi. Na kuna *babaa*, hiyo ndiyo mtego kwetu, maana ukiisikia kwa haraka unadhani anaitwa baba, kumbe ni "kizee wewe". Jamaa wa katuni wenye hasira huwaita mama zao hivyo. Mpwa wako akianza hiyo mnyang'anye simu.

Mzee_wa_Ngomeni amejibu:

Vijana, mmeanza vizuri, nami nichangie kwa upande wangu wa historia. Kitendawili!

(Semeni "tega", msinitie haya.)

Kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba hata mara moja.

Hicho kimo katika mkusanyo wa vitendawili vya Kijapani wa mwaka 1516, unaohusishwa na Go-Nara, aliyekuja kuwa mfalme wao mkuu baadaye. Jibu ni midomo. Sasa jaribuni kutamka haha. Midomo haikutani hata mara moja, kitendawili kimekufa. Wanaisimu wakakikalia kichwa, na ndicho kilichosaidia kuonyesha kwamba Wajapani wa zama zile hawakusema haha. Walisema kitu kama *fafa*, na "f" yao si hii yetu ya meno na mdomo, ni ya midomo miwili kusogeana kama mtu anayepuliza uji. Hapo midomo inakaribiana mara mbili, sawasawa na kitendawili. Baba, ambaye leo ni *chichi*, hachezeshi midomo wala zamani hakuichezesha.

Ukirudi nyuma zaidi, sauti hiyo ilikuwa "p". Maana yake mama wa Kijapani wa kale kabisa alikuwa *papa*! Siku hizi papa kwao ni baba, kwa neno lililokuja na Wazungu, na huku kwetu papa tunamla na nazi.

Ushahidi wa pili uliandikwa na watu tunaowajua vizuri mno hapa mjini. Wareno. Wale wale walioijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596. Mapadri wao Wajesuiti walichapisha Nagasaki, mwaka 1603, kamusi kubwa ya Kijapani kwa Kireno, na maneno ambayo leo yanaanza kwa "h" wao waliyaandika kwa "f". Waliandika walichosikia. Aliyewafungulia njia ni Francis Xavier, ambaye mwaka 1542 meli yake ilitia nanga hapa Malindi ikienda Goa, na mwaka 1549 akashuka Kagoshima. Nikipita pale ngomeni huwa nawaza: laiti mmoja wao angekaa kitako akatuandikia na sisi kamusi nene kama ile, ya Kimvita cha mwaka 1600. Hawakuandika. Walituachia mizinga na neno "leso".

MwanaKibokoni amejibu:

Mzee Ngomeni, kitendawili nimempelekea mamangu jikoni, ameshindwa, akaomba apewe mji, nikampa Tokyo.

Bi Tende, ahsante sana. Sasa amekuja na swali jingine, na ni lake si langu. Anasema amesikia Wajapani nao wana neno *mama*, kama letu. Kama ni hivyo, asimwite tu "mama" yakaisha? Yeye hapendi kuvuta vuta "kaa", anasema anasikia kama anamwambia mgeni akae.

Bi_Tende amejibu:

Hahaha, na kweli atakuwa anamkaribisha kiti kila akimwita. Hilo halina ubaya, mgeni akae.

Neno mama wanalo, lakini halikutokana na la kwetu. Liliingia pamoja na mambo ya Kizungu, likaanza kwa familia za wenye nazo mijini, na halikupokewa kimya kimya. Mwaka 1934 waziri wa elimu, Matsuda Genji, alisimama akalalamika kwamba watoto wa Kijapani kusema papa na mama ni kuitupa mila. Hakufua dafu. Leo watoto wadogo wengi wanasema mama, na wavulana ndio huona haya wakiingia ukubwa wakahamia okaasan, au ofukuro kama alivyosema Otaku.

Tena kuna cha kuchekesha: hata hiyo okaasan ambayo wanaitetea kama mila ya mababu, haikuwa ya nchi nzima. Zamani kila mkoa na kila tabaka walikuwa na lao. Ilienea pale serikali ilipotoa vitabu vyake vya kusomea shule za msingi, mwanzoni mwa karne ya 20, ikaandika *otoosan* na okaasan, na watoto wakayabeba kutoka darasani wakayaingiza nyumbani. Kidogo kama Kiswahili sanifu kilivyotujia na vitabu vikatuambia tunavyosema na mama zetu si sanifu. Huko Osaka nilikokuwa, walivipokea vitabu na lao hawakuacha: *okan*. Mwaka 2019 wachekeshaji wawili wa huko, Milk Boy, walishinda shindano kubwa la vichekesho la M-1 kwa kisa cha okan aliyesahau jina la chakula anachokipenda cha asubuhi. Anatoa dalili moja, inafanana na *corn flakes*, anatoa nyingine, haifanani kabisa, wanabishana dakika nzima. Nchi nzima ilicheka, kwa sababu kila mtu ana mama wa kusahau hivyo.

Rudi kwa mamako. Asitumie "mama". Mtu mzima akimwita mwanamke "mama" hivi hivi, kwa Wajapani inaweza kuelekea kwa mwenye baa ndogo za usiku, maana ndivyo wateja wanavyomwita. Mgeni ataelewa kwamba ni Kiswahili, mwanawe atamweleza. Ila nyumba yenu ni ya adabu, kwa nini tuanzie huko?

Na akishazoea, mwambie hili atalipenda. Mjapani akishapata mtoto, mume anaacha kumwita mkewe kwa jina, anamwita okaasan au mama. Mke naye anamwita mume otoosan. Kuna mwanaisimu wao, Suzuki Takao, aliyeandika mwaka 1973 kwamba nyumba nzima inaitana kwa macho ya mtoto mdogo kuliko wote. Kwa hiyo kaka wa miaka minne, siku mdogo wake akizaliwa, mamake mzazi anaanza kumwita "kaka". Sisi hapa tunasema Mama Salim, tunalitaja jina la mtoto. Wao hawalitaji, mtoto anaeleweka tu.

OtakuWaLikoni amejibu:

Anayetaka kuliona hilo kwa macho atazame Sazae-san, katuni iliyoanza kwenye televisheni mwaka 1969 na bado inatoka kila Jumapili. Nyumba moja, vizazi vitatu. Bibi wa nyumba ni Fune. Watoto wake wanamwita kaasan, mkwe wake Masuo pia anamwita okaasan. Binti mkubwa, Sazae, kwa wadogo zake ni *neesan*, yaani dada, lakini mwanawe Tara anamwita mama. Neno mama na okaasan yako nyumba moja, meza moja, na hakuna anayechanganya.

BintiBondeni amejibu:

Mimi sijui Kijapani, nimevutiwa na huyo Masuo. Kwa hiyo mavyaa naye anaitwa okaasan sawa na mama mzazi? Hawana neno la mavyaa?

Bi_Tende amejibu:

Wanalo, *gibo*, lakini ni la kumtaja, halitamkwi usoni pake. Usoni ni okaasan. Raha iko kwenye maandishi. Kwenye barua au ujumbe, wengi wanaongeza herufi moja ya *gi*, ile iliyomo kwenye maneno ya wajibu, na neno linasomeka vile vile, okaasan. Sikio halisikii tofauti. Jicho ndilo linajua kwamba huyu ni mama wa wajibu. Ningekuwa mwali ningeipenda sana herufi hiyo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye wanaojiita watoto wa mtu: wezi wa simu wa huko nao wanalitumia jina la mama. Mzee anapigiwa, "Ni mimi, ni mimi, nimepata ajali, tuma pesa." Utapeli huo waliuita *ore ore*, yaani mimi mimi. Mwaka 2013 polisi wa Tokyo waliona jina limechakaa, wakawaomba raia wapendekeze jipya, wakachagua "Kaasan tasukete", mama nisaidie. Halikushika. Watu wanasema ore ore mpaka leo.

BintiBondeni amejibu:

Kumbe "hello mama, hii ndiyo namba yangu mpya" iko dunia nzima.

MwanaKibokoni amejibu:

Mamangu amekubali okaasan. Tangu juzi anaifanyia mazoezi kwa paka.

La mwisho, kisha nafunga mjadala. Mgeni naye atamwita mamangu nani? Na kuna lolote la kutuangusha mlangoni?

OtakuWaLikoni amejibu:

Moja la kuwaangusha: *obasan* ni shangazi au mwanamke wa makamo, *obaasan* ni bibi kizee. Tofauti ni kuvuta tu. Mamako akikosea kuvuta kwenye okaasan hakuna atakayekufa, lakini mpwa wako asije akajaribu haya mawili kwa mgeni.

Bi_Tende amejibu:

Atamwita okaasan pia, nina hakika, maana kwake mamako ni mama wa rafiki wa mwanawe. Mtakuwa na okaasan wawili mezani wakiitana. Mkitaka kuwatenganisha, tumieni jina la ukoo la mgeni, kisha san baada yake.

Viatu msihangaike, atavua mwenyewe bila kuambiwa, katika hilo wao na sisi ni wamoja. Pilau ataiweza, samaki hasa. Nazi mpunguzie mara ya kwanza.

Ila hatakuja mikono mitupu. Ataleta zawadi, imefungwa vizuri kupita kiasi, ataitoa kwa mikono miwili, na mamako aipokee kwa mikono miwili. Akiwa ni mtu wa mila, atasema *tsumaranai mono desu ga*, na mwanawe akiwa mkweli atatafsiri: "ni kitu cha ovyo tu, lakini..." Mwambie mama mapema asiseme "aa, si neno, ahsante hivyo hivyo". Ni yale yale ya haha. Kitakuwa kitu kizuri, na amekichagua wiki nzima.